Kazi Moja, Mizani Tatu



Mtu atokaye Spring Valley akiifuata Barabara ya Lower Kabete hufika, baada ya mwendo usio mrefu, kwenye chuo wanamofundishwa watumishi wa Serikali. Leo chaitwa Kenya School of Government. Wazee wetu walipajua mahali pale kwa jina la Jeanes, shule iliyofunguliwa mwaka wa 1925 ili kuwafundisha walimu wa Kiafrika watakaozisimamia shule za vijijini. Habari yetu yaanzia hapo.

Mwaka wa 1948 kijana Tom Mboya aliingia Jeanes kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Wakaguzi Wazungu na wakaguzi Waafrika walifanya kazi moja. Mshahara haukuwa mmoja. Katika kitabu chake, Freedom and After, kilichotoka mwaka wa 1963, alisimulia kwamba siku moja, akiwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, bibi mmoja wa Kizungu aliingia na chupa yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hamna mtu. Mboya naye akamwuliza kama macho yake yana hitilafu. Bibi yule alighadhibika mno.

Tukio hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Mboya hakuwa amezuiwa mlangoni. Alikwisha kuingia, tena kwa cheti na barua ya kazi. Hata hivyo, machoni pa yule bibi chumba kilikuwa kitupu.

Wala haikuwa tabia ya bibi mmoja tu. Serikali ya kikoloni iliwalipa watumishi wake kwa ngazi tatu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Mwaka wa 1948 tume ya Holmes ilipendekeza kwamba asiye Mzungu, hata akishika cheo kilekile, alipwe tatu ya tano za mshahara wa Mzungu. Sijapata kusikia kwamba mwenye duka alimpimia Mwafrika unga kwa tatu ya tano za bei.

Mwaka wa 1954 tume ya Lidbury iliishauri Serikali kuziondoa ngazi za rangi. Lilikuwa jambo jema. Lakini wale walioletwa kutoka ng'ambo waliongezewa posho ya kuwavuta waje, na vyeo vya juu vilidai elimu ambayo Waafrika wengi hawakupewa nafasi ya kuipata. Ngazi ikawa moja, ila vidato vyake vya chini vilikuwa vimekatwa. Ndiyo sababu mwaka wa 1961, Uhuru ukikaribia, pale pale Jeanes pakafunguliwa Kenya Institute of Administration, ili Waafrika wajifunze kwa haraka kazi za utawala walizonyimwa kwa miaka mingi.

Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1963 mzozo haukwisha, ulihama. Zamani mtu aliulizwa rangi yake. Sasa akaulizwa kwao ni wapi na mjomba wake ni nani. Baada ya damu kumwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008, isemayo kwamba shirika lolote la umma lisiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo ikawakumbuka wanawake na watu wenye ulemavu.

Hapa sina budi kusema lisilopendeza. Vyama vya kusaidiana kama hiki vilizaliwa mjini kwa sababu mgeni hakuwa na wa kumpokea, wa kumtafutia kazi, wala wa kumzika. Twajivunia hayo, na ni haki yetu. Lakini barua ya kumjulisha kijana wetu kwa karani aliye wetu, yule kijana wa watu wengine aliyengoja tangu asubuhi kwenye benchi aionaje? Sisi tuliomo ndani twamwona, au twasema hamna mtu?

Baadhi yetu wamekuwa wakiomba barua hizo ziandikwe kwa muhuri wa chama. Mimi napinga, nami nitalisema hilo mkutanoni mbele ya wazee.