Siku mashine 2 zilipoulaza mtandao mzima

Test zimetubana, ndio maana kimya. Leo historia kidogo, maana hapa chuo programu ikigoma tu mtu anakwambia "izime uwashe". Kuna siku dawa hiyo ilidunda.

Tarehe 27 Oktoba 1980, ARPANET ya Marekani, babu wa intaneti yetu hii, ililala kwa saa kadhaa. Mtandao ule uliendeshwa na mashine ziitwazo IMP, zikipeana taarifa za hali ya njia. Kila taarifa ilipewa namba kuanzia 0 mpaka 63, kisha inarudi 0. Ni kama saa ya ukutani: baada ya saa 12 inakuja saa 1, na wote tunajua saa 1 ndiyo mpya. Kanuni ilikuwa hivi: namba iliyo mbele kwa hatua zisizozidi 32 ndiyo mpya.

Sasa sikilizeni. IMP namba 29 ilikuwa mbovu, inapoteza biti kwenye kumbukumbu yake. Taarifa za jirani yake, IMP 50, zikajikuta zinazunguka na namba 3: 44, 40 na 8. Ziandikeni kwa biti muone: 101100, 101000, 001000. Moja ikidondoka hapa, nyingine pale, basi!

Kwa kanuni ile, 44 ni mpya kuliko 40, na 40 ni mpya kuliko 8. Ila toka 44 kuzunguka mpaka 8 ni hatua 28, kwa hiyo 8 ni mpya kuliko 44. Hakuna mzee, hakuna mdogo! Kila mashine ikipokea moja inaifuta ya kwanza, inaisambaza kwa majirani, bila kikomo, mpaka kazi nyingine zote zikakosa nafasi.

Ukizima moja na kuiwasha, majirani wanaimwagia uchafu uleule. Jamaa wa BBN, kampuni iliyoendesha mtandao ule, walichungulia kumbukumbu za mashine, wakakuta foleni yote ni taarifa za IMP 50. Wakatengeneza kiraka cha kuziambia mashine zipuuze chochote kutoka 50, ndipo mtandao ukaamka.

Eric Rosen wa BBN aliyaandika yote haya mwaka 1981 kwenye RFC 789, bila kuficha. Kinachonigusa ni kwamba ujumbe ulihakikiwa ukiwa njiani tu. Ukishaingia kwenye kumbukumbu, kila mtu aliuamini.

Leo ada, nauli na hela za kutuma nyumbani zinapita kwenye mashine nyingi zinazoaminiana hivyohivyo. Sisi tunaosomea kazi hii ndio tutakaoamshwa usiku. RFC 789 ni fupi na ni bure, isomeni kabla ya UE. Tuko pamoja.