Nani ameshika mizani ya pamba?

Anayetoka Shinyanga kuingia Mwanza mjini hupita Usagara, Buhongwa, Nyegezi na Butimba, kisha Mkuyuni, ziwa likiwa kushoto kwake. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 nayo inapita upande huo. Kwa njia hizo mbili pesa ya pamba ya Usukumani iliingia na kutoka, na mji ukakua. Leo Mkuyuni ni mahali pa wachuuzi wa samaki, mafundi gereji na mama lishe, watu ambao kila bajeti huwataja kwa jina la wajasiriamali. Swali la jinsi serikali inavyopaswa kuishi na watu wa aina hiyo si geni hapa. Pamba ililiuliza zamani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wa asili ya Kiasia, ambao pia ndio waliomiliki viwanda vya kuichambua. Mkulima aliitenga nyumbani, safi huku, fifi (ya daraja la chini) kule, akaibeba hadi kituoni. Gunia lilining'inizwa kwenye mizani, mshale ukacheza, karani akataja uzito na kuuandika. Asiyejua kusoma hakuwa na pa kukata rufaa. Manung'uniko ya kupunjwa yalipozidi, wakulima wa baadhi ya vituo walichanga pesa wakaajiri mpimaji wao, awapimie kabla ya mnunuzi.

Mpimaji huyo wa kuchangiwa ndiye mbegu ya ushirika wa Kanda ya Ziwa. Aliyeikuza ni Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, akafanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Alipita vijijini akiwashawishi wakulima waunde vyama vya msingi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na mwaka uliofuata ushirika ukawa na kiwanda chake cha kuchambua pamba huko Kasamwa, Geita. Kufikia Uhuru, karibu pamba yote ya kanda ilipitia mikononi mwake. Faida iliyokuwa ya mtu wa kati sasa ilibaki kwa wanachama. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Linalosahaulika ni kwamba ushirika huo ulikua ukiwa na mshindani. Karani wa chama akipunja, mkulima aliweza kurudi kwa mnunuzi wa zamani. Hofu hiyo ilimfanya karani awe na adabu kuliko kanuni yoyote.

Serikali huru iliupenda ushirika, na kwa kuupenda ikaupa haki ya kununua peke yake. Haukupita muda mrefu malalamiko yaleyale yakarudi, safari hii dhidi ya watu wa nyumbani: wizi, upendeleo, watumishi wengi kuliko kazi. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati kuchunguza vyama vya ushirika. Mwishoni mwa muongo huo shirikisho la Bomani lilivunjwa, Nyanza Cooperative Union ikashika nafasi yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikafutwa na ununuzi ukawa wa mamlaka ya pamba ya serikali. Wakulima walikopwa pamba yao, wengi wakageukia mazao mengine. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini wa safari hii ulizaliwa kwa amri ya wakubwa na ukaishi kwa mikopo.

Mwaka 1994 soko lilifunguliwa. Wanunuzi binafsi walirudi na ushindani ukarudi. Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu, rekodi ya wakati ule. Lakini wanunuzi waliogombania mzigo hawakuangalia ubora, na udanganyifu ukahamia upande wa pili wa mizani: maji na mchanga vikaingia kwenye magunia, jina la pamba ya Tanzania likachafuka. Mwaka 2018 serikali iliamua pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi, AMCOS.

Kwa hiyo tumezunguka tukarudi karibu na palepale. Historia haisemi kwamba ushirika haufai, wala kwamba soko huria ni dawa. Inasema chombo cha wananchi kinafanya kazi pale mwanachama anapoweza kukikagua na kukihama, na kwamba soko nalo linahitaji mtu wa kukataa pamba chafu. Kazi ya serikali ni hiyo ya pili: kukagua mizani, kulinda madaraja ya ubora, kuhakikisha malipo yanafika kwa wakati.

Kipimo hicho kinafaa hata Mkuyuni. Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ni hatua njema. Lakini mama lishe anayetegemea ofisi moja kwa kibali, eneo na mkopo yuko alipokuwa mkulima wa miaka ya sabini. Kabla ya kuisifu sera yoyote ya ujasiriamali, aulizwe huyo mama: ukipunjwa, una pengine pa kwenda?