Utando wa Zinki: Bati na Tembe katika Historia ya Makazi ya Ugogo

Historia ya makazi ya Ugogo imezoeleka kusimuliwa kwa kuhesabu mapaa: tembe zimepungua, mabati yameongezeka, hasa baada ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Makala haya yanadai kuwa hesabu hiyo haitoshi.

Tembe, yenye paa bapa la miti na udongo, iliufaa uwanda wa mvua chache. Ilipochakaa, mwenyewe aliikarabati kwa udongo wa papo hapo. Bati ni chuma kilichofunikwa kwa zinki, utando mwembamba kuliko unywele. Utando huo huzuia maji na hewa. Ukikwaruzwa, zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Hewa kavu ya Dodoma, iliyo mbali na chumvi ya pwani, huurefushia maisha.

Hata hivyo, geji anayoitaja mnunuzi dukani hupima unene wa bati, wala haimwonyeshi kiasi cha zinki. Kwa hiyo, mapaa mawili yanayohesabiwa sawa yaweza kupishana sana kwa uhai. Zinki ikiisha, kutu huanza, na tiba yake ni fedha, si udongo. Mtafiti hana budi kuuliza, pamoja na idadi ya mapaa, ni nani aliyebeba gharama ya kuyadumisha.