Mzigo umeshauzwa, apu bado inauonyesha: Jinsi faharasa inavyosawazishwa na kanzidata

Ukiandika "karoti Mgeta" kwenye apu ya soko, majibu unayoyaona mara nyingi hayatoki pale tangazo lilipohifadhiwa. Yanatoka kwenye nakala yake.

Apu nyingi zenye sehemu ya kutafuta hutunza taarifa mahali pawili. Kwanza kuna kanzidata, ambako tangazo lenyewe la muuzaji limehifadhiwa. Pili kuna faharasa ya utafutaji, yaani nakala iliyopangwa ili neno lipatikane haraka. Nakala ikibaki nyuma, apu inasema uongo bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa Mgeta, uongo huo una gharama. Tarafa hii ya Wilaya ya Mvomero, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, inajulikana kwa kabichi, karoti, viazi na matunda yanayoteremshwa hadi Morogoro mjini na Dar es Salaam. Mboga haisubiri. Mnunuzi akikodi gari kupanda Nyandira kufuata magunia yaliyouzwa jana, amechoma mafuta bure. Na mkulima ambaye tangazo lake halionekani anabaki na mzigo unaonyauka.

Kwa nini nakala mbili?

Kanzidata ya hati, kama MongoDB iliyotoka mwaka 2009, huweka kila tangazo kama hati moja: zao, kijiji, bei, idadi ya magunia, namba ya simu. Kazi yake kubwa ni kutunza na kubadilisha taarifa kwa usalama.

Faharasa hufanya kazi kama kurasa za mwisho za kitabu, pale panapoonyesha neno fulani lipo ukurasa gani. Neno "karoti" linaelekeza kwenye hati ya 12, ya 48 na ya 103. Elasticsearch, iliyotoka mwaka 2010, ni moja ya programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo.

Tatizo linapoanzia

Njia rahisi ni apu kuandika mara mbili: kwanza kwenye kanzidata, kisha kwenye faharasa. Siku nyingi inafanya kazi. Ila ikitokea seva imezimika au mtandao umekatika katikati ya hatua hizo mbili, basi kanzidata inajua magunia yameuzwa, faharasa haijui. Na hakuna atakayeirudia ile hatua ya pili, kwa sababu haikuandikwa popote kwamba inadaiwa.

Kuna pia suala la mpangilio. Chukua mfano mkulima anabadilisha bei ya gunia kuwa shilingi 40,000, dakika moja baadaye anaweka 45,000. Ujumbe wa pili ukitangulia kufika, ule wa kwanza unaufuta, na bei ya zamani ndiyo inayobaki kwenye utafutaji.

Njia inayoaminika zaidi

Apu iandike sehemu moja tu: kanzidata. Kisha programu nyingine isome daftari la mabadiliko la kanzidata na kuyapeleka kwenye faharasa, moja baada ya jingine.

MongoDB ina daftari la namna hiyo, na tangu toleo la 3.6 la mwaka 2017 programu nyingine zinaweza kulifuatilia kwa njia rasmi. Kila badiliko lina alama yake. Msomaji akizimika, akiwaka tena anaendelea kutoka alama ya mwisho aliyoihifadhi.

Lakini daftari lina ukubwa wake, na kurasa za zamani hufutwa. Msomaji akikaa nje muda mrefu kupita kiasi, alama yake haipo tena. Hapo inabidi faharasa ijengwe upya kutoka kwenye kanzidata.

Mambo manne ya kuzingatia

- Namba ya toleo. Kila hati ibebe namba inayopanda kila inapobadilishwa. Faharasa ikataye namba ndogo kuliko iliyo nayo. Hapo bei ya zamani haiwezi kuifuta mpya.
- Kurudia kusilete madhara. Msomaji akiwaka tena anaweza kutuma badiliko lilelile mara mbili. Tumia namba ya hati ya kwenye kanzidata kama namba yake kwenye faharasa pia, ili lisionekane tangazo moja mara mbili.
- Kufuta. Wanaosawazisha kwa kuuliza "nini kimebadilika tangu saa 4?" hukosa kilichofutwa, kwa sababu hakipo tena cha kuulizwa. Dawa ni kuweka alama ya "limefutwa" kwanza, kisha kuiondoa hati faharasa ikishapata habari.
- Ukaguzi. Linganisha pande zote mbili kila usiku. Kuhesabu peke yake hakutoshi: tangazo moja likikosekana na jingine lililokufa likibaki, jumla inalingana. Linganisha namba za hati na matoleo yake.

Faharasa ikihitaji kujengwa upya, isivunjwe ile inayotumika. Mpya hujengwa pembeni, ikaguliwe, kisha utafutaji uhamishiwe huko kwa mara moja. Mtumiaji hatakiwi kuhisi chochote.

Mfano halisi unaoigusa Uluguru

Tatizo hili haliko kwenye masoko tu. GBIF, mtandao wa kimataifa wa taarifa za bioanuwai ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye sekretarieti yake Copenhagen, Denmark, unakusanya kumbukumbu zaidi ya bilioni 2 za viumbe kutoka makumbusho, vyuo na watazamaji wa ndege. Tanzania inashiriki kupitia TanBIF, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Taarifa asili hubaki kwa taasisi zilizozitoa. GBIF huzichukua, kuzichakata na kuziweka kwenye faharasa. Taasisi ikirekebisha kumbukumbu yake, nakala nayo lazima ifuate.

Ila kuna jambo la ziada: majina hubadilika. Chozi wa Uluguru, ndege asiyepatikana mahali pengine duniani, aliitwa Nectarinia loveridgei kwenye vitabu vya zamani. Leo anaitwa Cinnyris loveridgei. Kibandiko cha makumbusho hakijabadilika hata herufi moja, lakini mtafiti anayetafuta kwa jina jipya lazima akipate. Kwa hiyo orodha kuu ya majina ikisasishwa, kumbukumbu huchakatwa tena ingawa asili yake iko vilevile.

Somo ni kwamba faharasa inaweza kupitwa na wakati bila kanzidata kuguswa. Ndiyo maana uwezo wa kuijenga upya lazima uwepo tangu siku ya kwanza, usisubiri ajali.

Hata ikiwa sawa, inachelewa

Kwa mpangilio wa kawaida, Elasticsearch huchukua kama sekunde 1 kabla taarifa mpya haijaanza kuonekana kwenye utafutaji. Ukijumlisha safari ya kutoka kwenye kanzidata, pengo dogo lipo daima.

Kwa hiyo apu nzuri hutumia faharasa kupata orodha tu. Mtu akibonyeza tangazo, na hasa akitaka kulipa, bei na idadi ya magunia zisomwe moja kwa moja kutoka kwenye kanzidata.

Kwa mnunuzi, kanuni ni hiyohiyo. Orodha ya utafutaji inakuonyesha nani wa kumuuliza. Fungua tangazo lenyewe, angalia lilisasishwa lini, na mpigie muuzaji kabla gari halijawashwa.