Kigango Si Pambo la Sebule: Stori ya Nguzo za Mijikenda Zilizoibiwa Hadi Marekani

Ukiingia duka la vinyago pale Malindi ama Mombasa uone ubao mrefu mwembamba, kichwa cha duara, mwili umejaa pembetatu za kuchongwa, usikimbilie kuuliza bei. Hicho kinaweza kuwa kigango. Na kama ni orijino, kuna familia huko Kilifi inamtafuta mzee wao.

Hapa sijaweka chumvi. Kwa Wagiriama na majirani zao, kigango si picha ya marehemu wala jiwe la kaburi. Ni yeye mwenyewe, roho yake imepewa mahali pa kukaa. Ukikibeba umebeba mtu.

Wacha turudi nyuma kidogo. Mijikenda ni makabila tisa: Giriama, Digo, Duruma, Chonyi, Jibana, Kambe, Kauma, Rabai na Ribe. Simulizi zao zinasema walitoka Singwaya, mbali huko kaskazini, wakashuka wakikimbia vita na kujificha kwenye misitu ya vilima nyuma ya Pwani. Kila kijiji kilichojengwa ndani ya msitu kiliitwa kaya. Ndani yake kulizikwa fingo, kinga ya jamii nzima, na mahali penyewe panajulikana na wazee wachache tu. Hata ukiuliza hawakuambii, na hawajakukosea.

Watu walitoka kaya polepole wakaenda kulima mashamba, lakini msitu haukuachwa. Huko ndiko wazee wanazikwa, mvua inaombwa na kiapo kinaliwa. Mwaka wa 1913, Mekatilili wa Menza alipokuwa anachochea Wagiriama wagomee kodi na kazi za lazima za Mwingereza, aliwakusanya Kaya Fungo. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi. Mkoloni akaelewa nguvu inatoka wapi. Mwaka wa 1914 akailipua kaya kwa baruti. Fikiria hiyo: serikali yenye bunduki inaogopa msitu.

Sasa, kigango kinasimama wapi? Si ndani ya kaya, na si juu ya kaburi. Kinasimama bomani, kwa kibanda ama chini ya mti, karibu na watu wa nyumbani. Na si kila mtu anachongewa. Mtu wa kawaida akifa anapata kigingi kidogo tu, kinaitwa koma, jina lile lile la roho ya mhenga. Kigango ni cha mwanachama wa Gohu, mbogi ya wazee wenye mali na heshima. Kuingia Gohu ilikuwa lazima ulishe watu, na hiyo karamu si ya chapati na maharagwe.

Kitu kinanibamba ni kwamba hakichongwi siku ya mazishi. Miaka inaweza kupita. Halafu mtu wa familia anaanza kuota mzee analalamika amesahaulika. Ama mtoto anaugua, mifugo inakufa, bibi ya mtu hapati mimba, mvua inakataa. Wanaenda kwa mganga, mganga anawaambia: mzee anataka kigango. Fundi anatafuta mti mgumu ambao mchwa hauwezi haraka, anachonga, anapaka rangi. Kinasimamishwa, kinafungwa vitambaa shingoni na kiunoni, kinamwagiwa mnazi na damu ya mnyama. Kuanzia hapo familia ikiwa na shida inakuja kuongea naye, kama vile wewe unapigia buda simu ukikwama.

Sheria kubwa ni moja: kikishasimama hakitolewi. Hata familia ikihama, kinaachwa pale pale kioze taratibu, na huko wanakoenda wanasimamisha kibao kidogo cha kumwakilisha. Kwa hivyo ukiona kigango peke yake kichakani kimepinda, usidhani kimetupwa.

Na hapo ndipo wezi walipatia mwanya. Kuanzia miaka ya 70, watalii na wauzaji wa sanaa walianza kuzitamani. Nguzo iko nje, haina mlinzi, haina kufuli. Vijana wa hapo hapo kijijini, wamesota, wanakuja usiku na kung'oa. Wao walipata doh kidogo sana. Ikifika Marekani ilikuwa inauzwa maelfu ya dola, inasimamishwa sebuleni karibu na kochi. Sitawatetea hao vijana, lakini hesabu ya nani aliomoka hapo iko wazi.

Kesi iliyofungua watu macho ilianza na picha. Mwaka wa 1985, mtafiti Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja Mgiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu vikaibiwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta, lakini wapi. Mwaka wa 1999, Udvardy akiwa kwa mkutano wa wasomi wa Afrika huko Marekani, mwenzake anaonyesha picha za vitu vya makumbusho ya chuo kimoja cha Illinois. Mazee, kigango kimoja ni kile kile! Cha pili kikapatikana Hampton, Virginia. Kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Mzee mwenyewe alikuwa ashafariki.

Hiyo kesi iliwezekana kwa sababu kulikuwa na picha na familia inayojulikana. Vingine vingi havina bahati hiyo. Makumbusho ya Denver ilikuwa na vigango 30, vingine vilitolewa na watu wa Hollywood, akiwemo mwigizaji Gene Hackman. Mwaka wa 2014 Denver ikasema inavirudisha. Poa sana, lakini ilichukua miaka. Vilipotua Nairobi 2019, serikali yetu ikadai ushuru wa mamilioni ya shilingi, kama vile mtu ameagiza gari. Yaani wahenga wanarudi nyumbani, wanakwama kwa forodha.

Hata vikitoka forodha, vinaenda kwa nani? Aliyeng'oa hakuandika jina la boma. Hakuna anayejua hiki ni babu ya nani. Ukikisimamisha kwa boma lisilo lake umeweka mgeni kwa nyumba ya watu. Ukikifungia kabatini Nairobi, bado yuko mbali na watu wake. Binafsi naona afadhali viwekwe Pwani, karibu na wazee wanaojua kuongea navyo, lakini si mimi wa kuamua.

Kwa upande wa misitu, kuna habari nzuri kidogo. Kaya zilianza kulindwa kisheria 1992 chini ya Makumbusho ya Taifa, na 2008 UNESCO iliweka misitu 10 ya kaya kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, mila zenyewe za kaya zikaingia orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Haraka kwa sababu wanaozijua ni wazee, na huko Kilifi kuna wazee wanauawa wakiitwa wachawi, mara nyingi shamba likiwa ndilo sababu ya kweli. Mvi zimekuwa ngori.

Ukitaka kuona kaya kwa njia halali, Kaya Kinondo pale Diani inapokea wageni. Utafungwa kitambaa cheusi kiunoni, utaambiwa usivunje tawi, usibebe hata jani, na kuna sehemu hutafika. Tii tu. Na kama mtu wa duka akikuapia kigango chake ni cha zamani na ni orijino, jua sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi inakataza kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Kama ni kipya cha kuchongewa watalii, nunua ukipenda. Hicho hakina mtu ndani.