Kilo Sita za Mkiani

Ukitaka kuelewa kwa nini ndege ndogo huwaua watu waliozijenga kwa mikono yao wenyewe, usianzie angani. Anzia Illasit, siku ya soko. Lori limepaki kando ya barabara, Kilimanjaro iko pale nyuma kama imechorwa, na vijana wanapakia makreti ya nyanya na magunia ya vitunguu, mengine yamevuka mpaka kutoka Tarakea. Hapo hakukosi mtu mmoja asiyebeba kitu. Kazi yake ni kuongea tu: hiyo peleka mbele, hiyo rudisha nyuma, hapo kati kumejaa. Huenda hajawahi kuona darasa la uhandisi, lakini anajua lori likitoka hapo litapita Loitokitok, Kimana na Emali, liingie Mombasa Road, na kabla ya kufika Nairobi likutane na mizani.

Na mizani za barabara, kama ile ya Mlolongo ambayo kila mtu wa Kitengela anaijua kwa sababu ya jam, hazipimi jumla peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema lori zima lisizidi tani 56, halafu inaendelea: ekseli ya mbele ya usukani isizidi tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne isizidi tani 10. Kwa hivyo unaweza kuwa na lori ambalo jumla yake iko sawa kabisa na bado ukapigwa faini, kwa sababu mzigo wote umekalia ekseli moja. Swali la kwanza ni uzito ni kiasi gani. Swali la pili ni uzito umekaa wapi.

Ndege inaulizwa maswali hayo hayo mawili. Tofauti ni kwamba ukikosea jibu, hakuna askari wa kukushusha ujitetee.

Wa kwanza kusumbuliwa na swali la pili ni wale wale tunaosoma habari zao shuleni. Tarehe 17 Desemba 1903, Orville na Wilbur Wright waliruka mara nne kule Kitty Hawk, Marekani. Safari ndefu zaidi ilichukua sekunde 59. Picha ya siku ile ni maarufu, lakini haionyeshi vile ndege yenyewe ilivyokuwa ngumu kushika: pua inapanda, inashuka, inapanda tena, na rubani anapigana nayo muda wote. Uzito ulikuwa umekaa nyuma mno. Mwaka uliofuata walijenga ndege ya pili na kuijaribu katika malisho ya Huffman Prairie karibu na Dayton. Tabia ikawa ile ile. Hawakuinunulia injini kubwa zaidi wala kuichorea mabawa mapya. Walifunga chuma mbele, takriban kilo 30 za chuma kisichofanya kazi nyingine yoyote, ili kuvuta uzito uende puani. Wazia hilo: watu wanaohesabu kila gramu ili wapae, halafu wanaongeza kilo 30 kwa hiari. Walikuwa wamegundua kwamba ndege nzito kidogo iliyokaa sawa ni salama kuliko nyepesi iliyokaa vibaya.

Miaka thelathini baadaye kosa hili liliingia mitaani. Mfaransa Henri Mignet aliunda kindege kidogo, HM.14, kikaruka 1933, na mwaka 1934 akatoa kitabu kinachomfundisha mtu wa kawaida kujijengea chake nyumbani. Wafaransa walikiita Pou-du-Ciel, chawa wa angani. Ujumbe wake ulikuwa mtamu: huhitaji kiwanda, huhitaji utajiri, ukiweza kugongelea sanduku unaweza kujenga ndege. Wafaransa na Waingereza wakaingia gereji na kuanza kupiga misumari. Ni ile raha ya tutorial, ila wakati huo ilikuwa kwenye karatasi.

Shida ni kwamba hakuna aliyejenga ndege moja na mwenzake. Huyu anafunga injini ya pikipiki. Yule anafunga injini ya gari la Ford iliyorekebishwa. Mwingine anasogeza kiti, mwingine anaongeza tangi. Kila badiliko likahamisha uzito. Ajali zikaanza, watu wakafa, na kufikia 1936 wataalamu wa Farnborough kule Uingereza na Chalais-Meudon kule Ufaransa waliiweka ndege hiyo mbele ya feni kubwa za majaribio. Wakakuta kwamba pua ikiinama kupita kiwango fulani, mabawa yale mawili yaliyofuatana yanaisukuma chini zaidi, na rubani hata avute fimbo hadi tumboni haitainuka. Kosa la msingi lilikuwa kwenye mchoro. Lakini ndege yenye mchoro mkali namna hiyo haimsamehi mtu aliyehamisha uzito bila kupima, na wengi hawakupima.

Nasi huku tulikuwa na hadithi yetu mwaka ule ule. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kufundisha farasi wa mashindano kabla ya kuwa rubani, alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936, akielekea Amerika peke yake. Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull iliyoandikwa VP-KCC. Ile VP-K ilikuwa alama ya koloni la Kenya, kabla hatujapata 5Y yetu. Vega Gull ilitengenezwa kubeba watu wanne. Yake ilibeba mtu mmoja na petroli: sehemu ya abiria ilijazwa matangi ya ziada. Redio hakuchukua, kwa sababu redio ni uzito.

Tangi lililojaa ni abiria anayepungua njiani. Unapaa kitovu kikiwa mahali fulani, na kila saa inayopita petroli inaungua na kitovu kinasafiri. Ndiyo maana mtu akiongeza tangi kwenye ndege, hesabu moja haimtoshi. Anahitaji ya matangi yakiwa yamejaa, nyingine yakiwa nusu, na nyingine yakiwa makavu. Markham alishinda hewani zaidi ya saa 20, injini ikazimika kwa kukosa mafuta, inasemekana barafu iliziba njia ya hewa ya tangi, akatua kwenye tope la Nova Scotia, Kanada. Ndege ilizamisha pua. Yeye alitoka akitembea. Watu hukumbuka ujasiri wake, na ni haki yake. Mimi humkumbuka pia yule fundi ambaye jina lake halitajwi, aliyepanga matangi yale ndani ya ndege ndogo kiasi kwamba iliweza kuinuka ikiwa imejaa na kubaki inashikika ikiwa karibu tupu.

Sasa hesabu yenyewe. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo nakuambia kama mtu asiye na cheti cha kukutishia: hii ni kuzidisha, kujumlisha na kugawanya.

Unaiweka ndege sawa, kama inavyokaa ikiruka, juu ya mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu. Unachagua mstari mmoja wa kuanzia kupimia, tuseme ncha ya pua. Tuseme gurudumu la mbele linasoma kilo 60 na liko mita 0.5 kutoka kwenye mstari. Magurudumu mawili makubwa yanasoma kilo 120 kila moja, na yako mita 2. Sasa zidisha uzito kwa umbali: 60 mara 0.5 ni 30. Kilo 240 mara 2 ni 480. Jumla ni 510. Gawanya kwa uzito wote, kilo 300, unapata mita 1.70. Hapo ndipo kitovu cha uzito kilipo, ile nukta ambayo ungeweza kuining'iniza ndege kwa kamba moja isiiname mbele wala nyuma. Tuseme mchoraji ameandika kwamba ndege hii ikiwa tupu, kitovu kikae kati ya mita 1.60 na 1.75. Uko ndani. Poa.

Halafu unaamua kuiboresha. Unaimarisha gurudumu dogo la kulinda mkia, unaongeza bati na skrubu, kilo 6 tu, mita 5 kutoka puani. Kilo sita ni pungufu ya nusu ya mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa. Nani anaweza kujali? Zidisha: 6 mara 5 ni 30. Jumla mpya ni 540, uzito mpya 306. Gawanya: mita 1.765. Umetoka nje ya mpaka, na ukiitazama ndege kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Dawa yake haihitaji pesa. Betri ya kilo 8 iliyokuwa nyuma ya kiti, mita 2.5, isogeze hadi karibu na injini, mita 0.8. Umepunguza 13.6 kwenye jumla. Inabaki 526.4, gawanya kwa 306, unarudi mita 1.72. Ndege ni nzito kuliko jana lakini imekaa sawa. Ni chuma cha kina Wright, ila wewe umetumia kitu ulichokuwa nacho tayari. Kisha unafanya upya hesabu ya ndege ikiwa na rubani, abiria na mafuta, kwa sababu ndege tupu hairuki.

Na kwa nini sentimita moja na nusu iwe jambo? Kitovu kikienda mbele sana, pua inakuwa nzito, na wakati wa kutua unavuta fimbo hadi mwisho na bado haiinuki vya kutosha. Ni mbaya, lakini angalau ndege inakuonya mapema. Kitovu kikienda nyuma sana ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu mwanzoni inapendeza. Fimbo inakuwa laini, ndege inaitikia haraka, unajiona rubani wa sinema. Halafu mwendo unapungua, pua inainuka yenyewe, mabawa yanaacha kubeba, ndege inaanza kuzunguka kama pia, na mkia hauna nguvu ya kuishusha pua ili mabawa yashike hewa tena.

Wanaodhani haya ni mambo ya gereji peke yake waangalie tarehe 25 Agosti. Siku hiyo mwaka 2001, Aaliyah alikufa Bahamas pamoja na wenzake wanane. Uchunguzi ulikuta Cessna waliyopanda ilizidi uzito kwa mamia ya pauni, na kitovu kilikuwa nyuma ya mpaka. Siku hiyo hiyo mwaka 2010, ndege ya Filair ilianguka Bandundu, Kongo, wakafa watu 20 kati ya 21. Manusura alisimulia kwamba mamba alitoroka kwenye begi la abiria, watu wakakimbilia mbele wote kwa pamoja, na ndege ikapoteza usawa. Watu wamecheka sana na hadithi ya mamba. Iondoe, inabaki ile ile ya lori la nyanya: mzigo umehama.

Inayofundisha zaidi kwa wajenzi ni ya Charlotte, Marekani, tarehe 8 Januari 2003. Beechcraft ya Air Midwest ilipaa, pua ikainuka bila kushukika, wote 21 wakafa. Usiku wa siku mbili kabla, mafundi walikuwa wamerekebisha nyaya za mkia vibaya, zikapunguza nafasi ya kushusha pua. Na uzito ulikuwa nyuma mno, kwa sababu abiria walikadiriwa kwa wastani wa makaratasi wakati miili yao ilikuwa mizito kuliko wastani huo. Baadaye wakuu wa anga wa Marekani walibadilisha wastani wenyewe. Mizani moja ya kweli ingesema ukweli mapema.

Turudi Kajiado. Ukiishi Kitengela unaona ndege ndogo zikipita juu ya mabati, nyingine zikielekea Orly Airpark kule Olooitikoshi. Na kila baada ya muda simu zinajaa video ya kijana wa mahali fulani, Kenya, Uganda au Tanzania, aliyejenga ndege uani kwao. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana hivyo miaka ya 2010 kwa kujenga ndege kadhaa nyumbani, akitumia injini ya gari. Hazikupaa alivyotarajia, na mitandao ikagawanyika mara mbili: wanaocheka na wanaolia kwamba serikali haisaidii vipaji.

Pande zote mbili zinaruka swali. Injini ya gari ina chuma kingi, ina rejeta na maji yake, na yote hayo yamekaa puani. Huku kwetu pia hewa ni nyepesi: uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Loitokitok nayo iko juu, jua la mchana likiongeza shida. Uzito unaopaa Mombasa asubuhi unaweza kukataa kabisa kuinuka chini ya Kilimanjaro saa nane. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ipo tangu 2002, na ndege iliyobadilishwa hutakiwa kuwa na rekodi mpya ya uzito kabla ya kurudi angani. Watu huona hiyo kama karatasi ya kuwakatisha tamaa. Lakini karatasi hiyo ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika mradi mzima.

Kwa hivyo video inayofuata ikikufikia, kabla ya kuandika hongera ama kutuma kicheko, uliza huyo kijana mambo matatu. Ina uzito gani? Kitovu kiko wapi? Na tangu uongeze kile kitu cha mwisho, umeipima tena lini? Akiwa na majibu, mtafutie mdhamini. Akiwa hana, mtafutie mizani tatu kwanza, na umwambie asubiri.