Kung'olewa kwa Wareno Unguja

Tukio la mwishoni mwa karne ya 17 lililokomesha utawala wa Ureno kisiwani. Waomani, walioikomboa Maskati kutoka kwa Wareno mwaka 1650, waliivamia Unguja mwaka 1652, lakini pigo kubwa lilitokea Mombasa: Ngome ya Yesu ya Wareno ilizingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi yakiwamaliza walinzi. Si kila mwenyeji aliwaunga mkono wavamizi. Malkia Fatuma wa Unguja aliwapelekea chakula waliozingirwa, na kwa hilo akahamishiwa Maskati kwa takriban miaka kumi. Kung'olewa kwa Wareno kulikuwa ushindi wa Waomani zaidi kuliko uhuru wa Waunguja. Palipokuwa na kanisa la Wareno, washindi walijenga Ngome Kongwe, iliyopo hadi leo Forodhani, Mji Mkongwe.